Chokaa Ndani ya Injini: Kutambua na Kurekebisha Joto la Kupindukia katika Injini Kuukuu za Visima, Kitui na Makueni

Mada kwa mafundi wa visima, wahudumu wa pampu, kamati za maji na walimu wa vyuo vya ufundi

Utangulizi

Waandalizi waliniomba nizungumzie utunzaji wa injini za dizeli kwa jumla. Nitaanzia huko lakini sitakawia. Niseme pia kwamba haya ni maoni yangu kama fundi, wala si msimamo wa idara yoyote.

Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, bila plagi. Inahitaji hewa safi, mafuta safi, oili na kitu cha kuipoza. Kuhusu hewa, osheni chujio. Kuhusu mafuta, sote tunaijua dizeli iliyochanganywa na mafuta taa, mchezo ambao serikali ilijaribu kuuzima mwaka 2018 kwa kutoza shilingi 18 zaidi kwa kila lita ya mafuta taa. Kuhusu oili, ibadilishwe kwa saa za kazi, si kwa kukumbuka. Mengine yamo katika vitabu vya watengenezaji.

Injini tulizo nazo

Visima vingi vimehamia sola, na sina ubishi na hilo. Hata hivyo, bado kuna injini za zamani kwenye visima, kwenye mashini za posho na kwenye kingo za Mto Athi, ambako wakulima hupandisha maji shambani. Lister CS, iliyobuniwa Dursley, Uingereza, karibu na mwaka 1930 na baadaye kuigwa kwa wingi Rajkot, India, huzunguka mara 650 tu kwa dakika, nayo hutoa nguvu farasi 6 kwa silinda moja. Injini ya mwendo huo haichakai upesi. Inapokufa mapema, imeuawa na kitu.

Tatizo lenyewe

Hapa ndipo nitakapokaa. Malalamiko huwa yale yale: injini inawaka vizuri, inafanya kazi nusu saa, inapata moto, inapoteza nguvu, inatoa moshi mweusi, inazima. Fundi anaitwa, anasema ringi zimeisha au gasketi ya hedi imeungua. Vipuri vinaagizwa, kijiji kinasubiri, injini inafungwa upya. Baada ya misimu miwili ya kiangazi tunarudi palepale, na safari hii hedi imepasuka.

Chanzo kiko ndani ya maji tunayoyavuta, ambayo ndiyo tunayoipozea injini. Sehemu kubwa ya Kitui na Makueni imekaa juu ya miamba ya kale, na visima vingi hutoa maji ya chumvi na magumu, yaani yenye chokaa iliyoyeyuka. Upande wa Mutomo na Ikutha mnaonja wenyewe, na huko Kanziku chokaa iko ardhini kiasi cha kuzungumziwa habari za viwanda vya saruji. Maji magumu yakipashwa moto huacha chokaa. Angalieni birika la mama wa chai sokoni: ule ukoko mweupe ndio uliomo katika nafasi inayozunguka silinda, isipokuwa kule hakuna anayeuona.

Mafundi wa boti wa Pwani wanalijua jambo hili kuliko sisi. Injini iliyofungwa ndani ya boti na kupozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja huwekewa thamostati ya joto la chini, takribani nyuzi 55 hadi 60, kwa sababu maji ya bahari yakizidi hapo huanza kugandisha chumvi ndani. Boti ikipandishwa, fundi mwangalifu huisuuza injini kwa maji matamu. Sisi tulio mbali na bahari tumefanya kitu kilekile bila tahadhari zile: tumetoa kipaipu kidogo kwenye bomba la kisima, tukayapitisha maji ya chumvi kwenye silinda, yakamwagika nje. Kila saa ya kazi inaleta chokaa mpya. Kisha tunasema injini imezeeka!

Kutambua kabla ya kufungua

Swali la kwanza kwa mhudumu ni hili: je, asubuhi inawaka kwa urahisi? Injini iliyoisha ringi au valvu hubana hewa vibaya, hivyo husumbua ikiwa baridi. Yenye chokaa huwaka vizuri, kisha huchoka ikibeba mzigo. Swali hilo halina gharama, na lingeokoa pesa nyingi za vipuri.

Kisha kinga maji yanayotoka kwenye injini kwa mtungi wa lita 20 na uangalie saa. Yakiwa machache na yanachemka, njia imeziba. Yakiwa mengi na vuguvugu tu, huku tone la maji juu ya hedi likitoa mvuke papo hapo, basi joto la chuma haliyafikii maji, na kilicho katikati ni gamba la chokaa. Kwa injini yenye tangi la kupoza, mapovu yasiyokoma ndani yake ni dalili ya gasketi iliyoungua au ufa. Oili iliyogeuka kijivu ina maji, na hapo injini isiwashwe tena. Injini za kupozwa kwa hewa, kama Lister SR, haziingii katika hesabu hii. Zenyewe huuawa na vumbi kati ya mapezi, na brashi inatosha.

Kurekebisha

Injini ipoe kabisa. Anayemwaga maji baridi kwenye hedi yenye moto anaipasua yeye mwenyewe. Funga njia ya maji upande mmoja, jaza asidi ya ndimu iliyoyeyushwa katika maji vuguvugu, acha juu wazi ili gesi itoke. Povu likitulia, mwaga ujaze mpya. Ukiweka mpya na povu halitoki tena, kazi imekwisha. Suuza, weka maji yenye magadi kidogo, suuza tena. Gamba nene litahitaji kufungua hedi na kukwangua.

Nasisitiza kuhusu asidi ya betri, kwa sababu bado inatumika. Ikikutana na chokaa hutengeneza jasi, ambayo karibu haiyeyuki. Unabaki na gamba gumu kuliko lile la awali. Asidi kali ya kusafishia vigae nayo hula chuma pamoja na chokaa.

Mapendekezo

Maji ya kisima yasipite ndani ya injini tena. Hili ndilo la kwanza, na ningeridhika hata lingekuwa la pekee. Injini ya silinda moja ipozwe kwa mapipa mawili ya lita 200 yaliyounganishwa nayo kwa juu na chini, maji ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka yenyewe.

Mapipa hayo yajazwe maji ya mvua. Kibanda cha pampu chenye paa la mabati la mita 3 kwa 4 hukusanya karibu lita 1,200 kwa milimita 100 za mvua, na mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo letu Ukambani. Mfereji wa paa una gharama ndogo kuliko kuifunga injini upya.

Yanayopungua kwa mvuke yaongezwe kwa maji ya mvua pia. Ukiongeza ya kisima, umerudisha chokaa kwa mlango wa nyuma.

Usafishaji wa chokaa uwe na fungu lake katika bajeti. Tangu huduma za maji zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, mafungu ninayoyaona ni mafuta na vipuri. Kazi isiyo na kipuri haina hati ya ununuzi, kwa hiyo fundi analazimika kuandika "gasketi" ndipo alipwe. Nimelieleza hili katika ripoti kadhaa. Nalileta tena kwa heshima zote.

Kamati zisiidhinishe vipuri kabla ya jibu la swali la asubuhi na kipimo cha mtungi kuandikwa daftarini.

Vyuo vya ufundi vifundishe kusoma dalili kabla ya kufundisha kufungua.

Maduka yanayouza asidi ya betri kama dawa ya injini yaelezwe. Sisemi yashtakiwe.

Na maji ya kisima, narudia, yasipite ndani ya injini.

Baada ya chakula cha mchana tutaisafisha injini iliyoletwa uani, ambayo imeandikiwa ringi mpya. Kila kikundi kije na glovu na mtungi mmoja. Ringi bado hazijanunuliwa.