Mnyororo wa Baiskeli: Usilegee, Usikaze Mno



Katika baiskeli ya gia moja, mnyororo uliolegea hutoka kwenye meno. Na iwapo breki ni ya kukanyaga pedali kinyumenyume, breki nayo hupotea papo hapo. Mnyororo uliokazwa mno huchosha miguu na kula beringi. Kwa hiyo tunawashauri mjifunze kuurekebisha.

Pindueni baiskeli, mlegeze nati mbili za ekseli ya nyuma. Penye mkono wa breki hiyo, legezeni pia skrubu yake. Livuteni gurudumu nyuma hadi mnyororo, ukibonyezwa katikati, ucheze kama milimita 12. Kisha tazameni tairi: nafasi kati yake na fremu iwe sawa kushoto na kulia. Kazeni nati kwa zamu, kidogo kidogo, halafu skrubu ya breki.

Zungusheni pedali polepole; mnyororo ukikaza mahali, pimeni upya papo hapo. Jaribuni breki kabla ya kupanda. Gurudumu likifika mwisho wa nafasi yake na mnyororo bado umelegea, basi umerefuka kwa kuchakaa. Hapo wakati wa kununua mpya umewadia.