MB zina saa ya kufa

Lupaso, alikozaliwa na kuzikwa Rais Benjamin Mkapa, bando la intaneti hununuliwa kwa siku. Mkulima wa korosho hana hela ya kifurushi cha mwezi mpaka mnada ufanyike na malipo yaingie. Miezi yote ya palizi na kupulizia salfa hununua MB kidogo kidogo, kama mafuta ya kula ya kupimiwa dukani. Na anayenunua kwa kupimiwa, sote tunajua, ndiye anayelipa zaidi.

Afadhali mafuta: ukiyabakiza kwenye chupa, kesho unayakuta. MB zina saa ya kufa. Mtandao ukisumbua jioni, saa inahesabu tu. Asubuhi ujumbe unaingia, muda wa kifurushi chako umekwisha. Muda, jamani, si MB.

Aprili 2, 2021, kanuni ndogo za vifurushi za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zilipoanza, watu walikuta bei zimepanda. Wakapiga kelele, na siku hiyohiyo mabadiliko yakasitishwa. Lilikuwemo na jema ndani ya kanuni hizo: mteja aarifiwe matumizi yakifika asilimia 75. Ila kelele zetu nyingi zilikwenda kwenye bei, na muda wa kuisha haukusemewa vya kutosha.

Kwangu mimi, ugomvi ni huo muda. TCRA, aliyelipia GB 1 apewe GB 1, hata akiimaliza wiki ijayo.