Gharama ya Ruhusa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mirongo, Mwanza)



Husemwa kwamba sheria huua biashara. Kwetu sisi wa pwani ya Ziwa, neno hilo ni nusu ya kweli. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulikataza samaki wa Ziwa Viktoria kwa shaka ya sumu. Viwanda vya minofu ya sangara vikakosa soko, na mvuvi akakosa mnunuzi. Soko halikufunguliwa tena kwa maneno matupu, bali kwa ukaguzi na upimaji wa maabara. Gharama hiyo ilizaa fedha.

Lakini ipo gharama isiyozaa kitu, nayo ni kukaguliwa mara mbili kwa jambo moja. Kwa miaka mingi mtengenezaji wa chakula alikaguliwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa, kisha na Shirika la Viwango, na kila mmoja alidai ada yake. Mwaka 2019 ndipo kazi ya chakula ilipokabidhiwa Shirika la Viwango.

Mwenye kiwanda huajiri mtu wa kufuatia karatasi. Mama auzaye dagaa hana mtu huyo. Akiambiwa “njoo kesho” hufunga meza yake, na hasara ya siku ile haiandikwi katika kitabu chochote. Wala si Bunge limwambialo “njoo kesho,” ndugu zangu. Ni sisi makarani.

Kwa hiyo naomba mkutano huu uazimie kwamba kila ofisi yetu ibandike mlangoni karatasi zitakiwazo, ada yake, na idadi ya siku za kungoja.