Herufi Mbili Mbele ya Jina la Mwanamke

Katika magazeti ya Kiingereza, na hasa yale ya Marekani, neno la heshima linalotangulia jina la mtu huamuliwa na mwongozo wa uandishi, yaani kitabu cha kanuni ambacho kila chumba cha habari hukifuata katika kuandika majina, vyeo, tarehe na vituo. Kwa miaka mingi kanuni hizo zilimpa mwanamume neno moja tu, "Mr.", awe na mke au asiwe naye, ilhali mwanamke aligawiwa mawili, "Miss" kwa asiyeolewa na "Mrs." kwa aliyeolewa, kiasi kwamba ripota aliyekwenda kumhoji hakimu mwanamke kuhusu hukumu aliyoitoa hakuweza kuikamilisha habari yake bila kwanza kupeleleza mambo ya nyumbani kwake.

Neno "Ms.", linalotamkwa "miz" na lisilodokeza lolote kuhusu ndoa, si zao la harakati za wanawake peke yake kama inavyodhaniwa na wengi. Mwaka 1901 gazeti la Springfield Sunday Republican la jimbo la Massachusetts lilichapisha pendekezo la kulitumia, na hoja yake ilikuwa ya adabu tu: kumwepusha mtu na aibu ya kumwita mwanamke asivyostahili. Pendekezo hilo halikushika, mpaka katika miaka ya 1960 mwanaharakati Sheila Michaels alipolipigia debe, na Gloria Steinem na wenzake wakalifanya jina la jarida lao, lililotoka mwishoni mwa 1971 likiwa ndani ya jarida la New York kabla ya kujitegemea mwaka uliofuata. Gazeti la The New York Times, kwa kushikilia mwongozo wake, liliendelea kumwandika mwanzilishi huyo kuwa ni "Miss" Steinem wa jarida la Ms., jambo ambalo kwa msomaji yeyote mwenye macho lilikuwa kichekesho.

Ukaidi huo ulianza kuyumba mwaka 1984, chama cha Democratic kilipomteua Geraldine Ferraro kugombea umakamu wa rais pamoja na Walter Mondale. Ferraro alikuwa ameolewa na John Zaccaro lakini katika siasa alitumia jina la ukoo wa baba yake, kwa hiyo "Miss" lilimwonyesha kama hajaolewa, na "Mrs. Ferraro", kwa kanuni za Kiingereza zenyewe, lilimhusu mama yake mzazi. Hata William Safire, mwandishi wa safu ya lugha katika gazeti hilohilo, aliyewahi kumwandikia hotuba Rais Richard Nixon na ambaye hakuna aliyeweza kumshuku kwa siasa za mrengo wa kushoto, alikiri kwamba neno lililobaki lilikuwa moja. Wakati huo Paula Kassell, mwanaharakati aliyenunua hisa za kampuni ya gazeti hilo ili apate haki ya kusema katika mkutano wa wanahisa, alikuwa akiwabana wakubwa wa gazeti ana kwa ana, na mnamo Juni 1986 gazeti likasalimu amri. Shinikizo la wanawake lilikuwa na uzito wake, lakini mhariri huweza kuvumilia kelele za nje kwa muda mrefu kuliko anavyoweza kuvumilia kanuni inayomlazimisha kuchapa uongo, na kisa cha Ferraro kilikuwa cha namna hiyo.

Gazeti la Kiswahili halimo katika mtego huo, kwani "Bi." ya Taifa Leo, gazeti la Kenya, humfaa aliyeolewa, asiyeolewa na mjane bila kumuuliza mtu chochote.

Huko Marekani mjadala umekwisha kuhamia kwingine, kwa kuwa shirika la habari la Associated Press liliachana na maneno hayo ya heshima, na mwaka 2023 The Wall Street Journal nalo likayaondoa katika habari zake, likibaki na jina la ukoo peke yake kwa wanaume na wanawake. The New York Times bado linayatumia katika habari zake, ingawa si katika kurasa kama za michezo, ambako mchezaji, hata akiwa bingwa wa dunia, huitwa kwa jina lake tupu.