Elimu Ilipogeuzwa Silaha



Historia ya ukoloni husimuliwa zaidi kwa bunduki kuliko kwa shule. Huko Kanada, hata hivyo, wenyeji wa asili wa nchi ile, Wacree, Waojibwe, Wainuit, Wametis na wengineo, walipata pigo lao kubwa darasani.

Mwaka 1883 serikali ya Kanada ilianza kugharimia mfumo wa shule za bweni kwa watoto wa wenyeji, na uendeshaji wake ukakabidhiwa kwa makanisa. Shabaha haikufichwa. Mtoto alipaswa kutengwa na wazazi wake ili asirithi lugha, imani wala desturi zao. Mwaka 1920 sheria iliimarishwa ili watoto wa miaka 7 hadi 15 walazimishwe kuhudhuria, na mzazi aliyekataa aliweza kutozwa faini au kufungwa. Watoto wapatao 150,000 walipitia shule hizo kabla ya zile za mwisho kufungwa katika miaka ya 1990.

Mtoto alipowasili alinyolewa nywele, akavuliwa nguo alizoshonewa na mama yake, na mara nyingi akapewa namba. Aliyesema lugha ya kwao aliadhibiwa. Kaka na dada wa tumbo moja walitenganishwa hata wasiweze kusalimiana. Kwa miaka mingi masomo yalichukua nusu ya siku tu. Nusu nyingine watoto walilima, walifua na kupika, kwani fedha ya serikali haikutosha kuziendesha shule. Wengi walishinda na njaa, wengi walipigwa, na wako walionajisiwa na watu wale wale waliokabidhiwa kuwalea.

Serikali haiwezi kudai kwamba haikuambiwa. Daktari Peter Bryce, ofisa mkuu wa tiba katika idara iliyoshughulikia wenyeji, alikagua shule 35 za majimbo ya magharibi mwaka 1907. Aliandika waziwazi kwamba mabweni yalisongamana, hewa ilikuwa chafu, na kifua kikuu kilikuwa kikiwaua watoto kwa wingi wa kutisha. Akapendekeza hatua za kuchukua. Sehemu kubwa ya mapendekezo hayo haikutekelezwa.

Katika idara hiyo hiyo alikuwamo Duncan Campbell Scott, aliyekuwa mtendaji wake mkuu tangu mwaka 1913. Mwaka 1920 aliieleza kamati ya Bunge kwamba kazi ingeendelea mpaka asibaki mwenyeji hata mmoja ambaye hajamezwa ndani ya taifa la Kanada. Bryce hakutakiwa tena kutoa taarifa zake za afya, na mwaka 1921 alistaafishwa pasipo ridhaa yake. Mwaka uliofuata alichapisha kijitabu na kuuweka ukweli mbele ya wananchi. Leo majina ya watoto zaidi ya 4,000 waliofariki katika mfumo huo yamekwisha orodheshwa, na kazi ya kuwatafuta wengine ingali ikiendelea.

Waliobaki hai nao walirudi na majeraha. Kijana alifika kijijini akashindwa kuzungumza na bibi yake. Wazee walikuwa na hekima, lakini hawakuwa na mtoto wa kumrithisha. Aliyelelewa kwa kengele na fimbo hakuwahi kuona jinsi baba anavyombembeleza mwana. Naye alipozaa, mara nyingi alilea kwa namna ile ile aliyolelewa. Ulevi, ugomvi wa nyumbani na watu kujiua vikaandama jamii nyingi, na wajukuu ambao hawakuzikanyaga shule hizo wakalipa deni lake.

Walionusurika walikwenda mahakamani, na makubaliano ya fidia yakafikiwa mwaka 2006. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi Bungeni. Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Jaji Murray Sinclair, mwenyewe Mwojibwe, ilipokea ushuhuda wa watu zaidi ya 6,000. Mwaka 2015 ikatoa miito 94 ya kuchukua hatua na kuutaja mfumo ule kuwa ni mauaji ya kimbari ya utamaduni. Mwaka 2022 Papa Fransisko alikwenda Kanada kuomba msamaha. Mambo hayo yana uzito wake. Lakini radhi peke yake hairudishi lugha. Hiyo inarudishwa pale mzee anapoketi na wajukuu na kuanza upya kuwatajia majina ya vitu.

Ndugu Walimu, Ndugu Watumishi, ukatili ule haukutendwa na majambazi. Ulitendwa na watu wenye vyeti na vyeo: karani aliyepitisha fedha akijua hazitoshi, askari aliyetekeleza amri ya kumchukua mtoto, mwalimu aliyesikia kilio cha usiku akanyamaza. Kila mmoja aliweza kusema kwamba alifuata kanuni. Bryce naye alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo, mwenye mshahara na familia, na bado aliandika alichokiona.

Kila mtoto huingia darasani akiwa na nyumba yao moyoni. Mwalimu anayemfundisha kuionea haya nyumba hiyo, na ofisa anayeifungia kabatini taarifa ya maumivu yake, wanaendeleza kazi ya Scott, hata kama hawajapata kulisikia jina lake.