Maumivu ya Kichwa Yanayoanzia Tayani
Msikilizaji, si kila maumivu ya kichwa ni malaria. Kwa watu wa miaka 20 hadi 40, wanawake zaidi kuliko wanaume, chanzo huweza kuwa taya. Msuli mmoja wa kutafunia umetandaa kwenye panja kama upepeo wa mkono na kushuka hadi taya ya chini. Anayekaza meno mchana kwa mawazo, au kuyasaga usingizini, huuchosha msuli huo, akaamka na kichwa kizito, maumivu karibu na sikio, na taya inayoalika akipiga miayo. Mitihani, madeni na kukosa kazi huzidisha kukaza huko. Na kuanzia Meru hadi Mombasa kuna miraa: kutafuna saa nyingi, tonge likikaa shavu moja, ni mzigo mkubwa kwa kiungo cha taya, na vijana hawaambiwi hilo.

Linalonisikitisha zaidi ni vidonge vinavyomezwa kutuliza maumivu hayo. Dawa za kawaida za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, zenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa.

Wengi wenye tatizo hili la taya hupata nafuu bila upasuaji: chakula laini kwa muda, kitambaa cha maji ya moto, mazoezi ya taya, pengine kifaa cha kuvaa usiku anachotengeneza daktari wa meno. Basi wahudumu wetu wa afya, guseni taya ya mgonjwa kabla ya kuandika dawa. Nawe kijana, kichwa kikiuma ghafla kupita kiasi, au kikiandamana na homa na shingo ngumu, nenda hospitali siku hiyohiyo.