Kuandikisha Mgambo na Kuwadumisha katika Akiba
Mada kwa semina ya washauri wa mgambo wa wilaya



Nimetakiwa nieleze habari za kuwaandikisha askari wa akiba na kuwadumisha katika utumishi wao, na kwa kuwa ada ya mada za namna hii ni kuanza na maana ya maneno, nitaitimiza ada hiyo kwa ufupi. Mgambo ni raia aliyefunzwa uaskari ilhali anaendelea na shamba lake, duka lake au ajira yake. Huitwa inapozuka haja, na haja ikiisha hurejea kwake. Fikra ya kuwapa umma wenyewe dhamana ya ulinzi ilitiliwa nguvu na Mwongozo wa chama cha TANU wa mwaka 1971, uliotolewa baada ya Wareno kuivamia Guinea na baada ya Idi Amin kuinyakua serikali ya Uganda. Faida yake ilidhihirika majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, kwani jeshi letu la Tanzania, ambalo idadi yake ilikuwa chini ya 40,000, liliweza kupita 100,000 kwa muda mfupi, kwa kuongezewa mgambo, polisi, askari magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatwaliwa. Haya nyote mwayajua, basi na tuyapite.

Kuandikisha, kwa maoni yangu, si mushkili. Kuruta wanakuja. Tangazo likibandikwa katika ofisi ya kata, vijana hujitokeza, wakavumilia miezi ya kwata, mbio za alfajiri na shabaha, aghalabu kwa sare na buti walizonunuliwa na wazazi wao, mpaka siku ya gwaride la kuhitimu, mgeni rasmi akahutubu na vyeti vikatolewa. Taabu yangu ya miaka mingi, ambayo nimeiandikia taarifa nyingi kuliko jambo jingine lolote katika kazi hii, yaanza siku ya pili yake.

Yatupasa tukiri bayana kile kinachomleta kijana. Uzalendo upo, nami siudharau; walakini kampuni za ulinzi na baadhi ya halmashauri, zinapotafuta walinzi, hutaka mtu aliyepitia JKT au mgambo, na kijana asiye na kazi huyaona mafunzo yetu kuwa ndio mlango wa riziki. Sioni aibu katika hilo. Lakini matokeo yake ni kwamba aliyefanikiwa kupata kazi huhamia mjini akalinda ghala au benki, asitoe habari kwa yeyote, na aliyeikosa hubaki kijijini na uchungu, akiitwa kwenye zoezi haji, kwa kuwa haoni alichofaidi mara ya kwanza. Wote wawili wametoka katika akiba, ilhali majina yao yangali daftarini, na daftari hilo ndilo tunalolipeleka juu kila mwaka kuwa ni nguvu ya wilaya. Nasema haya kwa taadhima, wala simlaumu mtu wala ofisi yoyote. Lakini idadi ya watu tusioweza kuwaita haiwezi kuhesabiwa kuwa ni askari.

Fauka ya hayo, mijini jina la mgambo limeambatana na kuwafukuza wamachinga na kumwaga vyungu vya mama lishe, hata mtu mwenye staha zake huona haya kusema kwamba aliwahi kufunzwa. Twawezaje kumtaka mtu arudi katika utumishi ambao jirani zake wanauchukia?

Wenzetu wa mbali walikwisha kukabiliana na sehemu ya tatizo hili. Nchini Uingereza, askari wa akiba atimizaye siku za mazoezi za mwaka, ambazo kwa wengi ni 27, na kufaulu majaribio yake, hupewa bahashishi ya fedha kila mwaka, hivyo tuzo humfuata anayedumu. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 1994, humlazimu mwajiri kumrudisha kazini askari wa akiba aliyeitwa kutumika. Tena mkataba wa askari wa huko una tarehe ya kwisha inayojulikana, na kabla haijafika yupo mwenye kazi mahsusi ya kuzungumza naye juu ya kuongeza muda. Hatuna fedha zao, lakini tarehe na mazungumzo havihitaji fedha nyingi.

Kwa hiyo napendekeza daftari la kila kata lihakikiwe mtu kwa mtu, liandikwe kazi ya mgambo, simu yake na simu ya ndugu yake, na ahamapo jina lake limfuate kwa mshauri wa wilaya aendako. Napendekeza kila mhitimu atie sahihi ya muda maalumu, miaka mitatu kwa mfano, na muda ukikaribia kwisha mshauri amwendee mwenyewe. Mazoezi ya marejeo yafanywe baada ya mavuno, yawe mafupi, na posho yake ilipwe papo hapo, maana ahadi isiyotimizwa imetupotezea watu wengi. Waajiri waandikiwe barua rasmi kuomba ruhusa ya mgambo wao, na wanaokubali watambuliwe hadharani. Kazi za kuwaondoa wachuuzi zitengwe na jina la mgambo. Washauri wapewe nauli ya kuzunguka katani, kwani mtu hamwendei askari wake kwa kukaa ofisini. Na narudia la daftari, kwa kuwa bila hilo mengine yote hayana pa kusimama: naiomba semina hii, kabla ya kufungwa, iazimie tarehe ya kuanza uhakiki huo, na itaje kwa maandishi ofisi itakayobeba gharama zake.